Kabla Hujanunua Miksa, Hesabu Mabasi Yake

Maneno niliyosema kwenye kikao cha mafundi mitambo, wiki ya maadhimisho. Nimeyanyoosha kidogo ili wewe ambaye hukuwepo nawe uyapate.

 

Ndugu yangu, najua ukipokea gazeti hili la kumbukumbu kitu cha kwanza unachofanya ni kutafuta picha yako. Tafuta tu, hakuna ubaya. Ukishaiona rudi hapa, maana hapa kuna pesa yako. Tangu mwaka jana tumekuwa tukichanga, wa upande wa Kajiado kwa shilingi ya Kenya na wa upande wa Longido kwa shilingi ya Tanzania, ili tupate miksa moja ya mikutano yetu ya pamoja pale Namanga. Changizo hilo, au harambee kama wasemavyo wenzetu, limefika mahali pazuri. Kamati imeletewa bei za miksa mbili. Ya kwanza ina chaneli 24 na bei yake ni nafuu. Ya pili ina chaneli 20 na bei yake imechangamka. Nimesikia wazee wakisema, "Sasa hapo kuna swali gani?" Swali lipo, na ndilo lililonisimamisha hapa.

Ile ya chaneli 24 haina grupu hata moja. Ile ya 20 ina grupu 4.

Usikimbie kwa sababu ya neno hilo, nitalieleza. Lakini kwanza nitubu mbele yako.

Miaka kadhaa iliyopita kanisa moja la ushirika wetu lilinituma mjini kuwanunulia miksa. Akina mama walikuwa wameuza maandazi na mbuzi mpaka pesa ikatimia. Nikafika dukani, nikahesabu matundu, nikaona mengi, nikafurahi, nikalipa. Habari ya grupu sikuuliza. Ukweli ni kwamba wakati ule hata mimi sikuwa nazijua. Nilijua kuzungusha nobu mpaka sauti itoke. Basi ukaja mkutano wa jioni. Kwaya tatu, maiki 11 za waimbaji ziko wazi. Nyuma ya meza yuko kijana wa miaka 19, siku ya tatu hajalala vizuri. Kwaya ikamaliza, mhubiri akasimama, akaanza kuita watu waje mbele kuombewa. Pale pale mluzi ukaanza. Unaujua ule mluzi wa spika unaochoma masikio. Kijana akashusha feda ya kwanza, siyo. Ya pili, siyo. Ya tano akawa ameshusha maiki ya mhubiri mwenyewe. Watu wote wakageuka kumwangalia. Mzee mmoja akachukua maiki, akasema mbele za umati, "Huyo kijana atoke hapo, ana nini huyo!"

Akatoka. Alikaa karibu miaka 2 bila kugusa meza ya mitambo, na muda mwingine hata ibadani hakuja. Wapo waliomwombea, wapo waliosema ana uasi. Hakuna aliyesema kwamba binadamu ana mikono miwili, na miksa niliyoileta mimi ilitaka mikono 11.

Sasa tuje kwenye somo. Kwenye kitabu cha miksa utakuta neno BUS, lile lile la gari la abiria. Watu hudhani ni kosa la uchapaji. Siyo kosa. Asili yake ni Kilatini, omnibus, maana yake "kwa ajili ya wote", na ndani ya miksa kazi yake ni hiyo hiyo: ni njia moja inayokusanya sauti za chaneli nyingi na kuzipeleka mahali pamoja. Kila miksa ina basi kubwa, lile linalokwenda kwenye spika za watu. Kwenye mashine nyingi limeandikwa ST, au L-R. Sauti ya kila maiki ni abiria, na abiria anaweza kupanda basi kubwa moja kwa moja. Ndivyo wengi wetu tunavyofanya kila Jumapili.

Grupu ni daladala. Wa ng'ambo, sema matatu. Inakusanya abiria wa mtaa mmoja na kuwafikisha kwenye basi kubwa. Maiki zote za kwaya unazipandisha kwenye daladala moja, na daladala ile ina feda yake, yaani kile kitelezi cha kusukuma juu na chini. Ukisukuma feda hiyo moja, kwaya yote inapanda au inashuka pamoja, huku uwiano wa soprano na besi uliohangaika nao tangu asubuhi ukibaki vile vile. Kwaya ikikaa, unashusha feda moja. Hakuna kuhangaika na kumi na moja.

Tazama kando ya feda ya chaneli kwenye miksa yenye grupu 4. Utaona vitufe vidogo: 1-2, 3-4, na ST au L-R. Ukibonyeza 1-2, umesema maiki hii ipande daladala ya kwanza na ya pili. Kuchagua moja kati ya hizo mbili unatumia nobu ya PAN: ukiizungusha kushoto mpaka mwisho unaingia grupu 1, kulia mpaka mwisho unaingia grupu 2, katikati unaingia zote mbili. Ni rahisi, lakini makosa ni mengi hapa, na nimeyafanya yote.

Kosa la kwanza ni abiria kukata tiketi mbili. Umebonyeza 1-2 ukasahau kuachia ST kwenye chaneli ile ile. Sasa sauti inapanda daladala na wakati huo huo inapanda basi kubwa. Unashusha grupu mpaka chini, kwaya bado inasikika, unaanza kukemea mashine. Tena feda zote zikiwa kwenye alama ya sifuri, sauti hiyo iliyofika mara mbili inaongezeka kwa desibeli 6. Ndiyo maana kwaya inalipuka na hujui imelipukia wapi. Chaneli ikishaingia grupu, achia ST yake.

Kosa la pili ni kinyume chake. Abiria wamejaa daladala, daladala imelala stendi. Grupu yenyewe ina kitufe chake cha ST. Usipokibonyeza, hakuna kinachofika kwenye spika za watu. Taa zinacheza, watu wanaimba, kanisa kimya. Niliwahi kubadilisha waya za spika zote kwa sababu ya kitufe hicho kimoja. Waya zilikuwa nzima.

La tatu ndilo lenye hatari kubwa, naomba hapa usinzie kidogo tu. Monita za waimbaji hazipiti kwenye grupu. Zinachota sauti kwenye chaneli kupitia nobu za AUX, na kwa kawaida zimepangwa zichote kabla ya feda. Kwa hiyo ukishusha grupu ya kwaya, spika za watu zinanyamaza lakini monita pale madhabahuni bado ziko hai, na maiki bado ziko wazi mbele yake. Mluzi unaweza kuendelea kama vile hujafanya lolote! Wale mnaosema "mbona tulinunua yenye grupu na bado inapiga kelele", jibu lenu ni hili. Kwaya ikikaa, shusha grupu, halafu bonyeza MUTE za chaneli zake, au shusha AUX kuu ya monita zao. Kumbuka pia kwamba kila ukizidisha mara mbili idadi ya maiki zilizo wazi, unapoteza kama desibeli 3 za nafasi kabla ya mluzi kuanza. Maiki isiyoimba inatafuta shari.

La nne ni mwangwi, ile eko tunayoipenda kupita kiasi. Eko inachotwa kwenye chaneli, baada ya feda ya chaneli. Ukishusha grupu, chaneli haijui. Inaendelea kuilisha eko. Utasikia kwaya imeondoka lakini mzimu wake unaendelea kuimba kwa mbali. Dawa yake, kama miksa inaruhusu, ni kurudisha sauti ya eko ndani ya grupu ile ile ya kwaya, ili feda ikishuka ishuke navyo vyote.

Sasa nani apande wapi? Nakupa mpangilio wangu, wewe utaupima. Timu ya kusifu na kuabudu, maiki 5, grupu 1. Kwaya, maiki 4, grupu 2. Vinanda na magitaa, grupu 3. Dramu, grupu 4. Mhubiri na mkalimani wake hawapandi daladala yoyote, hao wanakwenda basi kubwa moja kwa moja. Nimebishana na ndugu zangu kuhusu hili na bado nasimama hapo hapo: neno likishaanza sitaki kitu chochote kisimame kati ya feda ya mhubiri na spika. Kwa mpangilio huo, wakati wa maombi mkono mmoja uko kwa mhubiri na mwingine kwenye grupu 3, kinanda kikipanda taratibu bila dramu kumeza maneno. Ukishaionja kazi hiyo hutataka kurudi nyuma.

Hesabu hizo maiki na sisi. Mhubiri na mkalimani 2, timu 5, kwaya 4, hizo 11. Dramu 2, gitaa la besi na la solo kwa boksi za DI 2. Jumla 15. Kinanda na kompyuta zinaingia kwenye chaneli za stereo. Hayo ndiyo mahitaji yetu ya Namanga siku ya kujaa. Wazee, hatuhitaji zaidi ya hapo kwa sasa.

Na hapa kuna mtego mwingine wa dukani. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi si idadi ya maiki. Chukua mfano unaojulikana, Yamaha MG16XU. Inaitwa ya chaneli 16, lakini maiki unazoweza kuchomeka ni 10. Nyingine ni nafasi za vinanda na redio. Ina grupu 4. Ndugu yake MG12XU ina maiki 6 na grupu 2. MG10XU ina maiki 4 na haina grupu kabisa. MG20XU ina maiki 16 na grupu 4. Halafu kuna Mackie 1604VLZ4, nayo ni ya 16, ila hiyo maiki ni 16 kweli kweli, na grupu 4. Unaona? Mbili zinaitwa 16, moja inabeba maiki 10 na nyingine 16. Kwa hiyo dukani geuza mashine, hesabu matundu ya pini tatu kwa kidole. Ukiona imeandikwa kwa mtindo wa 24/4/2, soma hivi: chaneli 24, grupu 4, basi kubwa la kushoto na kulia. Kama namba ya katikati haipo, uliza.

Kuna nyingine ndogo ndogo zenye kitufe kilichoandikwa MUTE na chini yake ALT 3-4. Hapo ukibonyeza MUTE sauti haifi, inahamishiwa basi la pili. Ni kama grupu ya kimaskini, inasaidia, lakini kama hujui utashangaa kwa nini maiki "iliyozimwa" inasikika kwenye rekodi.

Nasikia swali: je, za kidijitali? Ni nzuri, sitazisema vibaya. Behringer X32, iliyotoka mwaka 2012 na ambayo utaikuta makanisa mengi, ina mabasi 16 ya kuchanganyia, na unaweza kuyageuza kuwa grupu au monita upendavyo. Juu ya hayo ina DCA 8. DCA si basi. Ni rimoti. Sauti hazikusanyiki humo. Feda yake inaziambia chaneli zake "shukeni" nazo zinashuka kila moja mahali pake. Faida yake ni kwamba ile eko ya mzimu inashuka nazo, kwa sababu chaneli yenyewe imeshuka. Hasara yake ni kwamba huwezi kuweka kompresa moja ibane kwaya nzima pamoja, kwa sababu hakuna mahali kwaya nzima inapokutana. Kwa kazi hiyo unahitaji grupu halisi. Monita zilizopangwa kabla ya feda nazo DCA haizigusi, usije ukasema sikukuonya.

Kwa nini basi siipendekezi ya kidijitali kwa Namanga? Kwa sababu ya jenereta. Umeme ukikatika na kurudi, miksa ya kawaida inaamka hapo hapo ikiwa vile ulivyoiacha. Ya kidijitali inahitaji muda kuwaka upya, na inataka betri ya akiba ambayo hatujaichangia. Pia mafundi wetu wanabadilishana, leo wa upande huu, kesho wa upande ule. Kila mmoja akibadilisha kurasa za skrini, wa kesho atatafuta kwaya iko ukurasa gani. Tukiwa na mafundi watatu waliofunzwa vizuri, nitakuwa wa kwanza kusema tuihamie.

Na niseme hili kwa uaminifu ili usinielewe vibaya: si kila kanisa linahitaji grupu. Kama tawi lenu lina maiki 5 na kinanda, vidole vyako vinatosha. Msiuze mbuzi kwa ajili ya grupu. Nunueni maiki moja nzuri na nyaya zisizokwaruza, hapo mtabarikiwa zaidi.

Kama tayari mmenunua kubwa isiyo na grupu, msiitupe. Lile kanisa nililoliangusha tulilisaidia hivi: tulichukua miksa yao ya zamani, ndogo, kwaya yote ikaingia humo, kisha zikatoka waya mbili tu kwenda kwenye chaneli moja ya stereo ya miksa kubwa. Ikawa grupu ya kujitengenezea. Kwaya nzima feda moja. Kasoro yake ni kwamba kwenye miksa kubwa huwezi tena kumpa mwimbaji mmoja monita yake peke yake, na unahitaji mtu wa pili au shingo ndefu. Lakini inafanya kazi, na yule kijana, ambaye siku hizi si kijana tena, ndiye aliyeifunga. Nilikwenda nyumbani kwao kumwomba arudi. Nilimweleza kosa lilikuwa langu. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kama mzee yule naye analijua hilo. Sikuwa na jibu siku ile. Nilikwenda kulitafuta.

Ndiyo maana naiandikia kamati mbele ya macho yenu. Chaneli 24 bila grupu zinapendeza mezani, taa nyingi, lakini Jumapili jioni atakayesimama nyuma yake ni mtoto wa mtu. Tukipungukiwa maiki kwenye ile ya 20, tunachomeka miksa ndogo kama walivyofanya wale, jambo limekwisha. Tukipungukiwa grupu 4 kwenye ile ya 24, tutahitaji meza nne.

Pesa ikibana, mawazo yangu ni kwamba tuahirishe spika mbili za nje. Tunaweza kuazima spika. Miksa hatuazimi, maana kila mwenye nayo anaitumia siku ile ile.

Wajumbe mtakaokwenda dukani, bebeni maiki moja, waya wake, na simu yenye wimbo. Msikubali kuoneshwa taa. Chomeka maiki chaneli ya 1, bonyeza 1-2, achia ST, zungusha PAN kushoto, sema "moja mbili" huku mwenzako akisukuma grupu 1. Sauti isitoke mpaka abonyeze ST ya grupu. Zungusha kulia, sasa iwe grupu 2. Rudieni kwa 3-4. Kisha geuzeni nyuma muone kama kuna matundu ya kutolea grupu, maana siku watu wakijaa mpaka nje tutataka kupeleka kwaya kwenye hema la pili. Muuzaji akisema "hivyo vitufe havina kazi", mshukuruni, nendeni duka lingine. Nami nipo. Nauli yangu nitajilipia.